Mwili Uko Hapa, Moyo Uko Wapi?

Juzi jioni, baada ya sala ya alasiri, tulipita katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe tukawakuta vijana sita wamekaa juu ya baraza ya nyumba ya zamani. Muuza kahawa alikuwa amesimama mbele yao na dele lake la shaba, akigonganisha vikombe kama ilivyo ada ya wauza kahawa wetu. Hapana kijana aliyenyanyua uso, kwani kila mmoja alikuwa ameiinamia simu yake. Mzee aliyekuwa akipita na kikapu mkononi akawasalimu, "Asalaam aleikum." Ikarudi sauti moja dhaifu, "Waleikum salaam," iliyotoka katika kinywa cha mtu ambaye macho yake hayakuwa pale. Mzee alisimama kidogo, mfano wa mtu anayengojea kuulizwa hali yake na hali ya nyumbani kwake, kisha akaenda zake.

Jambo hili ni dogo, na wala hatulileti hapa kwa nia ya kuwalaumu vijana. Sisi wenyewe, kabla ya kufika hapo, tulikuwa tumekwisha pita vichochoro vitatu, na lau tungeulizwa tumekutana na nani njiani tusingekuwa na jawabu. Tunalileta kwa sababu ni dalili ya maradhi yaliyotuenea sote, wakubwa kwa wadogo, wa mjini kwa wa shamba, wenye ofisi kwa wenye majembe. Maradhi yenyewe ni kuwapo kwa mwili mahali fulani na kutokuwapo kwa moyo. Mtu yuko kazini na moyo wake uko nyumbani, akifika nyumbani moyo wake umebaki kazini, na akiwa baina ya nyumbani na kazini hauko popote.

Wazee wetu walilijua jambo hili wakalipa jina. Mtoto wa Unguja anapopelekwa chuoni kujifunza sala, hafundishwi kuinama na kusujudu peke yake. Maalimu humwambia ahudhurishe moyo, kwa kuwa anayesimama juu ya mswala hali anahesabu bei ya samaki wa Darajani amesimama tu. Mwanachuoni mkubwa Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya aliihesabu hudhuri ya moyo kuwa miongoni mwa mambo ya ndani yanayoipa sala uhai. Katika Maulidi ya Homu, nayo ni katika turathi zetu, safu za watu hupiga magoti na kuyumba pamoja, na yeyote ambaye fikra zake zimetoka nje huonekana mara moja, kwa kuwa mwili wake huachana na wenziwe.

Ulimwengu nao umelifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Wafuasi wa Buddha wamekuwa wakilifundisha kwa zaidi ya miaka elfu mbili, nao huliita kwa neno la lugha yao ya Kipali, sati. Mwaka 1979 Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayakupoa kwa dawa. Aliwafundisha kukaa kimya, kuifuata pumzi ikiingia na ikitoka, na kuurudisha moyo kila unapotoroka, pasipo kuukemea. Tangu hapo mafunzo ya namna hiyo yameenea katika hospitali, skuli na hata majeshi ya nchi nyingi.

Siku hizi mafunzo hayo yamefika kwetu pia, lakini yamefika kwa mlango wa hoteli. Katika Paje, Jambiani na Nungwi wapo wageni wanaolipa fedha nyingi ili waketi kimya alfajiri, waelekee bahari na wafundishwe kusikiliza wimbi. Hatuna neno juu yao. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji anapata riziki kwa utulivu huo. Linalotushangaza ni kwamba sisi wenyeji, tuliolala na wimbi hilo tangu tulipozaliwa, tunaanza kuamini kuwa kuhudhurisha moyo ni starehe ya watu waliokwisha shiba, na kwamba haina mahali pake katika soko, ofisi, bandari na jiko.

Tazameni kazi za watu wetu mwone kama hivyo ndivyo. Bao linalochezwa barazani lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne. Hapana mchezaji anayeweza kuzihesabu kete za mwenziwe hali moyo wake uko sokoni, na akijaribu hufungwa mbele ya watu, tena akachekwa. Mama anayesuka ukili huzungumza na kucheka na jirani zake, lakini vidole vyake haviondoki katika kazi. Jani moja likipita juu mahali lilipostahili kupita chini, mkeka mzima utalionyesha kosa hilo kwa muda wote wa maisha yake. Kule Nungwi, fundi anayetia kalafati hupita mshono baada ya mshono akishindilia pamba iliyotiwa mafuta, na anajua kwamba mshono mmoja atakaousahau ndio bahari itakaoutafuta.

Kadhalika wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki, ambao wengi wao ni wanawake, walioianza kazi hiyo kwa biashara mnamo mwaka 1989. Wao huishi kwa kuyasoma maji. Wanajua bamvua litakauka saa ngapi, wanajua lini ni maji mafu ambapo hapana kazi ya kufanya, na wanajua kwa kuushika tu kama mwani umepata maradhi. Maji ya kina kifupi yalipozidi kuwa ya moto na ule mwani wa bei kubwa ukawa unafifia na kuoza, hawakuhitaji kuambiwa. Waliliona kwa macho yao, kamba kwa kamba, kwa sababu walikuwapo.

Basi hatusemi kwamba Unguja haina ujuzi wa jambo hili. Tunasema kwamba tunao katika kazi za mikono na katika ibada, lakini tumeuacha nje ya mlango katika mambo yanayotuhusu sote. Gharama yake tumekwisha ilipa, na tumeilipa zaidi ya mara moja.

Chukueni Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash alilijenga jumba hilo mwaka 1883, likawa fahari ya mwambao mzima. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kasri jirani yake likawa vumbi, na Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Lilipita tawala baada ya tawala, likawa ofisi, likawa makumbusho. Kisha mwaka 2012 sehemu yake moja ilianguka, na tarehe 25 Disemba 2020, siku ya Ijumaa, upande mkubwa wa jumba ukaporomoka pamoja na mnara wake. Watu wawili walipoteza maisha yao. Lilikuwa katika matengenezo siku hiyo, na hatusemi kwamba sababu ni moja tu. Ila kila fundi wa Mji Mkongwe anajua nyumba zetu hufa vipi, na anajua kwamba hazifi kwa siku moja.

Nyumba ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko ni mfano wa kiumbe mwenye pumzi. Wazee walipoipiga sakafu ya dari waliiponda kwa vijiti siku nyingi, mpaka chokaa ikawa ngumu kama jiwe. Nyumba hiyo huweza kusimama karne mbili kwa sharti moja, nalo ni kuangaliwa. Mlizamu ukiziba kwa majani ya msimu mmoja, maji hutuama juu. Yakituama hupenya. Yakipenya huilainisha chokaa na kuingia katika kichwa cha boriti, pale boriti inapolala ndani ya ukuta ambapo jicho halifiki, na boriti ikaoza kimya kimya. Aliye chini huona doa dogo la unyevu, akasema, "Nitalitazama baada ya Idi." Idi zinapita kumi. Akija fundi wa haraka hulifunika doa kwa saruji, na saruji huyafungia maji ndani badala ya kuyaacha yatoke. Siku nyumba inapoanguka, majirani husema imeanguka ghafla.

Mji wetu ulipohesabiwa majengo yake mwaka 1992 yalipatikana 1,700 na ushei, na mengi yake yalikuwa katika hali ya kuchakaa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilikwisha undwa tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mambo hayo mawili ni ya heshima na tunayathamini. Lakini cheti kilichotundikwa ukutani hakizibui mlizamu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na methali hiyo sote tunaijua tangu skuli. Kasoro yetu ni kuwa tunaisema kwa mdomo hali nyuma ya migongo yetu ufa unapanuka.

Lipo la uchungu kupita hilo. Usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2011, siku zisizotimia wiki mbili baada ya Idi el Fitri, meli ya Spice Islander ilikata kamba katika bandari ya Malindi kuelekea Pemba. Ilikuwa imechukua watu zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa, pamoja na shehena. Usiku wa manane, katika mkondo wa Nungwi, ikalala ubavu ikazama. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na wengine wengi mno hawakuonekana tena hata leo. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, meli nyingine, Skagit, ikazama karibu na Chumbe katika upepo mkali, ikitokea Dar es Salaam.

Hatuandiki haya ili kuyafungua makovu ya ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Tunayaandika kwa sababu habari za siku zile zilieleza kwamba baadhi ya abiria wa Spice Islander waliitazama meli ile gatini, wakaona ilivyokaa majini, wakakataa kupanda. Hawakuwa mabaharia wala hawakuwa na vipimo. Walikuwa na macho yao tu, na moyo uliokuwapo mahali macho yalipo. Walichokiona kilikuwa wazi kwa kila aliyekuwapo bandarini usiku ule, kwa aliyekata tiketi, kwa aliyepokea mzigo, kwa aliyeruhusu na kwa aliyefungua kamba. Tamaa ilikuwapo, na uvunjaji wa sheria ulikuwapo, na sheria ina jukumu lake. Lakini tamaa haishindi pale ambapo watu kumi wenye dhamana wanatazama kwa moyo uliohudhuria. Hushinda pale ambapo kila mmoja anafanya kazi yake kwa mazoea, mkono ukipiga muhuri na fikra ziko kwengine, akitumaini kuwa yule wa mbele yake au wa nyuma yake ndiye aliyeangalia.

Kutoka bandarini hebu tuingie maofisini, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu hukaa huko, ama nyuma ya meza ama mbele yake. Hivi karibuni tulikuwa katika ofisi moja ya umma tusiyokusudia kuitaja. Mbele yetu alikuwa bibi mmoja wa makamo ya juu, aliyetoka Makunduchi kwa gari ya alfajiri.

"Mwanangu," alisema, "hii karatasi nililetewa niijaze, nami nimeijaza."

"Bibi, kalete kivuli cha kitambulisho," alijibu kijana wa mezani, na macho yake yakiwa katika simu.

"Kimo humo ndani, mwanangu. Nilikileta wiki iliyopita ukakitia humo wewe mwenyewe."

"Basi njoo kesho, bibi."

Kivuli kilikuwamo. Sisi tuliokuwa nyuma tulikiona pembe yake ikichungulia katika jalada. Kijana yule hakudai rushwa, hakumtukana mtu, na pengine ni mtoto mwema kwao. Bibi aliondoka bila ya neno, naye alikuwa amekwisha poteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi, achilia mbali ile ya kesho. Tukiuliza ni kosa gani lililotendeka pale, hapana kifungu cha kanuni za utumishi tutakachokikuta kinalitaja. Kosa lilikuwa kwamba mtu mzima alisimama mbele ya mtu mwingine na hakuonekana.

Twajua kuna watakaotujibu kwamba Wazanzibari hawahitaji kuhubiriwa utulivu, kwani wanao kupita kiasi, na kwamba kinachotukwamisha ni pole pole yetu. Jawabu letu ni kwamba upole wa mwendo na kuhudhuria kwa moyo ni vitu viwili mbalimbali. Yule kijana wa mezani alikuwa akienda pole pole sana. Fundi wa kalafati naye huenda pole pole. Wa kwanza alichelewa kwa sababu hakuwapo, na wa pili huchukua muda kwa sababu yupo katika kila mshono. Tena yuko dereva wa bodaboda anayekwenda mbio kutoka Darajani hadi Amani akiwa na simu sikioni, naye hayupo vilevile. Mwenda pole hajikwai, lakini akiwa amefumba macho atajikwaa tu.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nasi hatuwezi kuipita kwa mbio. Mama anayeamka saa kumi ya alfajiri kungojea maji ya mfereji, ambaye hajui mchana watoto watakula nini, tutamwambiaje aketi aitulize pumzi yake? Moyo wake hautangitangi kwa upuuzi, umekimbilia mahali penye haja. Tukimhubiria utulivu na tukamwachia ndoo yake tupu tutakuwa tumemdhihaki. Kwa hiyo tunawaambia viongozi wetu, kwa heshima na pasipo kuficha, kwamba utulivu wa raia unaanzia katika uangalifu wa mwenye dhamana. Fundi wa maji akiusikiliza mfereji unaovuja leo, mama yule atalala saa moja zaidi kesho. Karani akimwona bibi wa Makunduchi, moyo wa bibi utarudi nyumbani pamoja naye. Kila mzigo mmoja ambao mwenye ofisi anauangalia ipasavyo unaondoka katika kichwa cha mtu mwingine.

Aidha wapo wenzetu ambao mioyo yao inasumbuliwa na maradhi hasa, huzuni isiyoondoka au hofu isiyo sababu. Hao haifai kuwaambia watulie tu, wala haifai kuwafunga ndani kwa kuona haya. Mahali pao pa msaada ni kwa madaktari, na hospitali yetu ya Kidongo Chekundu ipo kwa kazi hiyo. Kukaa kimya na kuifuata pumzi kunaweza kumsaidia mgonjwa kando ya matibabu, lakini hakuwi badala yake.

Sasa mtu atauliza, basi tufanye nini? Hatukusudii kuwaita watu wakae mikeka juu pwani, ingawa atakaye na afanye. Njia iliyo karibu nasi ni kuyachukua mambo tunayoyafanya kila siku na kuyafanya tukiwamo.

La kwanza ni salamu. Maamkizi ya kwetu yana urefu wake, nao una maana. Tukimwuliza mtu habari za asubuhi, kisha za nyumbani, kisha za watoto, tunampa nafasi mara tatu ya kutwambia kweli, na tunajipa sisi nafasi mara tatu ya kufika pale tulipo. Anayeamkia huku anatembea, au huku anaandika ujumbe kwa kidole, amezitupa nafasi zote hizo. Tuseme tangu leo kwamba anayetusalimu atauona uso wetu. Na mdogo anaposema "Shikamoo," mkubwa aitikie "Marahaba" akimwangalia, maana heshima nayo ni deni la pande mbili.

La pili ni pumzi moja. Kabla ya kulijibu neno lililotukera, kabla ya kupiga muhuri, kabla ya kuwasha vespa katika kichochoro chenye watoto, tuvute pumzi moja tukijua kuwa tunaivuta. Haichukui muda wa kuhesabu mpaka tano. Ndiyo silaha aliyowapa Kabat-Zinn wagonjwa wake, na mvuvi wetu anayengoja samaki kwenye mshipi usiku ameitumia siku zote pasipo kufundishwa na mtu.

La tatu ni kazi moja kwa wakati mmoja. Chakula kiliwe kikionjwa. Mtoto anapotusimulia ya skuli, simu ikae chumba cha pili. Mtumishi wa umma anapofikiwa na raia, dakika ya kwanza iwe ya kusikiliza, kalamu chini na simu kwenye mtoto wa meza. Tunawaomba wakuu wa idara walijaribu hili kwa mwezi mmoja katika ofisi zao, kisha wahesabu ni watu wangapi walioambiwa "njoo kesho" na wangapi walioondoka wamekwisha hudumiwa. Halina gharama hata senti moja.

La nne ni kutazama kabla ya msimu. Masika huanza mwezi wa Machi, na vuli huja mwezi wa Oktoba. Kila mwenye nyumba ya mawe, na kila idara yenye jengo katika Mji Mkongwe, iwe na siku moja kabla ya kila msimu ya kupanda juu, kuzibua milizamu, kugusa kuta kwa kiganja na kuuliza kila doa limetoka wapi. Kiganja kinachogusa ukuta mara mbili kwa mwaka kitaokoa zaidi kuliko mikutano mingi ya kuomboleza jumba lililokwisha anguka. Vivyo hivyo bandarini. Kabla kamba haijafunguliwa, awepo mtu mmoja mwenye amri ambaye kazi yake ni kusimama, kuhesabu, kuitazama meli ilivyokaa majini, na kusema hapana pale inapostahili hapana. Na wakubwa wake wasimwadhibu kwa kusema hivyo.

Haya si mageni kwa msomaji yeyote wa visiwa hivi. Ni adabu tuliyorithishwa, na iliyobaki hai katika mikono ya wasusi wa ukili na mafundi wa majahazi. Iliyopotea ni njia baina ya mikono hiyo na vikao vyetu, baina ya mswala na meza ya ofisi. Njia hiyo ni fupi. Anayehudhurisha moyo wake alfajiri katika sala na kuuacha hapo juu ya mswala mpaka adhuhuri, ameuacha mahali pema, lakini watu anaokutana nao katikati wana haki nao pia.

Jana tulipita tena kichochoro kile. Vijana walikuwapo, na simu zao walikuwa nazo. Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake, na mmoja wa wale vijana akainua kichwa, akaagiza viwili, kimoja chake na kimoja cha mzee aliyekuwa akipita na kikapu. Mzee akaketi barazani. Hatukungoja kusikia walizungumza nini, lakini tulipofika pembeni tulisikia kijana akiuliza, "Na nyumbani, babu, hawajambo?"